Fundi wa Kiti cha Nyuma

Niseme mapema ili tusipotezeane wakati: nilimdharau. Nilimjua miaka kumi na mitano, na kumi na minne kati ya hiyo nilimdharau. Ule mmoja wa mwanzo nilimheshimu, nao nauhesabia hasara.

Kwao wapi na mtoto wa nani, hayo waulizwe wanaopenda habari za koo. Mimi nilimkuta keshakuwa Fundi, mnene, kakaa juu ya ndoo ya oili iliyopinduliwa, ubavuni mwa jumba moja la Michenzani, mlango wa gereji yake ukitazamana na duka la mchele. Jina lake nnalijua, lakini sikuwahi kulitumia hata siku moja, wala sikumsikia mtu akilitumia. Wake zake wenyewe, wote wawili kwa zamu zao, walimwita Fundi.

Mimi kazi yangu ni dalali wa pikipiki zilizotumika. Nnasimama sokoni Darajani, anayeuza ananijia, anayenunua ananijia, na mimi nnasimama katikati nikihakikisha kila mmoja anaondoka akijiona kamwibia mwenzake. Kazi hiyo haifanyiki bila fundi wa kutoa hukumu. Mnunuzi haniamini mimi, na hana kosa. Anataka mtu mwenye oili kwenye kucha amwambie hiki kizima, hiki kibovu. Mtu huyo alikuwa yeye. Kwa miaka yote hiyo hapakuuzwa pikipiki kupitia mikono yangu ila yeye aliitolea neno.

Na neno lake lilikuwa moja: ukubwa wa injini.

Kwa asiyejua, zile cc zinazoandikwa ubavuni mwa pikipiki ni kiasi cha hewa na petroli ambacho injini inaweza kumeza kwa funda moja. Ya mia na kumi inameza kidogo, ya mia na hamsini inameza zaidi, basi nayo inasukuma zaidi, inanywa zaidi na inakuwa nzito zaidi. Hapo hapana siri, na mtu angeweza kuyasema hayo akanyamaza, akanywa kahawa yake. Fundi hakunyamaza. Aliyafanya dini ya pili.

"Injini ni kifua," alikuwa akisema, akijipiga kifua chake mwenyewe, ambacho kilikuwa kikubwa kweli na kilitikisika kwa muda baada ya kupigwa. "Kifua kidogo hakina dawa."

Chochote chini ya mia na ishirini na tano alikiita cherehani. Ukiingia gerejini na chombo cha cc mia, hakukuuliza kina nini. Alinyoosha mikono kama mtu anayepimwa nguo.

"Karibu na cherehani yako. Nishonee kanzu. Kola niachie, hiyo hushonwa kwa mkono."

Watu walicheka. Mara ya kwanza hata mimi nilicheka. Mara ya mia mbili nilikuwa nnatazama miguu yangu.

Kulikuwa na mwuza mkate mmoja, mtu mpole, mwenye ya cc tisini iliyokuwa imeshapauka rangi. Kila asubuhi aliisheheneza kreti za mkate akazunguka nazo mji mzima. Fundi alimtabiria kifo cha chombo kile kila mwezi. "Huo mwisho wake mwezi wa mfungo mosi," alimwambia. Mfungo mosi ukaja ukapita. "Basi hauvuki Maulidi." Ukavuka. Siku moja yule mwuza mkate alichoka, akanyoosha kidole kwenye kona ya gereji, palipofunikwa kitu kikubwa kwa shuka la maua.

"Na lile lako, Fundi, lishakufa mara ngapi?"

"Lile halijafa," alisema Fundi bila kupepesa. "Linapumzika."

Chini ya shuka lile palikuwa na pikipiki yake ya mia mbili na hamsini. Sijui aliipata wapi, wala sikuuliza, maana nilijua jibu lingechukua saa nzima. Ilikuwa imekosa kitu ndani ya gia, na kitu hicho hakikupatikana Unguja, wala Dar es Salaam, wala kokote walikotumwa watu. Kila Ijumaa baada ya sala aliifunua, akaifuta vumbi, akaipangusa nikeli yake kwa kitambaa cha fulana, akaifunika tena. Katika miaka kumi na mitano niliisikia ikinguruma mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa imesimama pale pale. Yeye mwenyewe alikwenda kazini kwa miguu.

Hilo litieni akilini, kwa sababu mimi sikulitia, na ndilo lililonigharimu. Mtu yule hakuwa na chombo kinachotembea. Alijifunza pikipiki zote za mji huu kwa kupakiwa.

Siwezi kusema hakuwa na ufundi. Ningependa kusema hivyo, ingenirahisishia kazi, lakini alikuwa nao. Alikuwa na mwiko wa kupikia, wa mti mzito, umeshaiva kwa oili. Ncha moja aliiweka kwenye injini inayonguruma, nyingine sikioni, akafumba macho. Kisha akasema: vali ya kutolea moshi imelegea. Wakifungua, imelegea. Niliwahi kumtega. Nililegeza skrubu moja ya kabureta robo mzunguko, nikampelekea chombo nikijitia sijui kitu. Hakuufikisha mwiko sikioni. Aliinama, akakaza skrubu robo mzunguko, akanitazama.

"Siku nyingine ukitaka kunichezea," akasema, "legeza nusu. Robo ni matusi."

Na mwizi hakuwa. Hilo ndilo lililonikera zaidi kuliko yote. Nilimchunguza, maana kazi yangu ni kuchunguza. Nilidhani anakula pande mbili, kwamba wauzaji wa pikipiki kubwa wanamletea kitu chini ya meza. Nilipeleleza mara ya kwanza sikupata. Nikapeleleza tena, nikiwa na hakika safari hii, sikupata. Kijana mmoja aliwahi kubandika namba 150 kwenye chombo chake cha mia na ishirini na tano ili akiuze kwa bei ya juu. Fundi aliibandua kwa ukucha mbele ya watu, akamrudishia mkononi kama mtu anayerudisha mfupa wa samaki.

"Umemdanganya nani? Mimi, au chombo chenyewe?"

Angekuwa mwizi tungeelewana. Mwizi ana bei, na mwenye bei mimi nnajua pa kumshika. Huyu aliamini.

Sasa nije kwenye kipimo, maana mambo yote yalikuwa hapo.

Kisiwa chetu hakina milima. Kina Masingini, ambayo mtu wa bara angeipita bila kujua kaipanda, lakini kwetu ni mlima, na kila anayenunua pikipiki mjini anataka kuiona ikipanda pale. Desturi yetu ni hii: mnunuzi anaendesha, na nyuma anakaa mtu wa upande wa muuzaji, ili mnunuzi asipitilize na chombo moja kwa moja hadi Nungwi, ncha ya kisiwa. Kwa vyombo vyangu, wa kukaa nyuma alikuwa Fundi. Muuzaji alimwamini, mnunuzi alimwamini, na yeye mwenyewe alidai hapana njia nyingine ya kuijua injini.

"Injini haisikilizwi kwa sikio tu," alisema. "Inasikilizwa kwa kiti."

Basi anapanda. Chombo kinazama nyuma, taa ya mbele inatazama matawi. Mimi na muuzaji tunabaki chini, muuzaji kashika mkoba wa mnunuzi au viatu vyake kama rehani, na mimi nnahesabu nguzo za umeme. Kutoka chini hadi juu ziko ishirini na mbili. Nimezihesabu kwenda na kurudi. Ya mia na hamsini ilifika juu ikiguna kidogo. Ya mia na ishirini na tano ilifika imechoka. Ya mia na kumi iliteremka gia ya pili kwenye nguzo ya tisa, ya kwanza kwenye ya kumi na tatu, na kwenye ya kumi na saba ilikwama, Fundi akashuka, akatikisa kichwa, na tukamwona kwa mbali akinyoosha mikono kupimwa kanzu.

Kipimo kilikuwa hicho. Tulikifanya miaka, na mimi niliuza vyombo vidogo kwa bei ya kutupa kwa sababu yake, kimoja kikiwa changu mwenyewe.

Dada yangu anakaa Chukwani, na miguu yake imeshakataa kazi. Anajikokota kutoka kitandani hadi barazani, na kutoka barazani hadi kitandani, basi. Ana mtoto mmoja, Zuhura, mkunga. Mwaka ule Zuhura alihamishiwa kituo cha afya upande wa pili wa msitu wa Jozani. Aliambiwa tangu mwezi unaofuata awepo pale alfajiri kabla mkunga wa zamu ya usiku hajaondoka. Gari za abiria za saa hizo hakuna. Ama apate chombo chake, ama ahamie kwenye vyumba vya wafanyakazi vya kule, na mama yake abaki peke yake au aje kwangu. Na kwangu ni Michenzani, ghorofa ya nne. Ngazi sabini na sita; nimezihesabu nikipanda na nikishuka. Dada yangu akipandishwa kule, hateremki tena ila siku ya kubebwa.

Nilimtafutia chombo kama mtu anayetafuta figo. Nikakipata: cc mia na kumi, cha mwalimu mmoja wa skuli hapo hapo Chukwani, kisafi, hakina klachi ya mkono, kifupi, kinapandika kwa buibui bila vituko. Zuhura ni mtu mdogo, kilo hamsini na mbili. Alikizungusha uwanjani akacheka. Mwalimu mwenyewe alikiacha kwa huzuni, na mimi nnapenda kununua kwa mtu mwenye huzuni, maana huyo hakukitesa.

Tukaenda Masingini. Zuhura mbele, Fundi nyuma. Mimi na mwalimu chini, mwalimu kashika mkoba wa Zuhura kwa mikono miwili kama sahani ya futari.

Nguzo ya tisa, gia ya pili. Ya kumi na tatu, ya kwanza. Ya kumi na saba, kimya.

Walirudi Zuhura akikisukuma, Fundi akitembea kando na mikono nyuma.

"Mwanangu," alimwambia, na alimwambia kwa upole, siwezi kumnyima hilo, "hii itakuacha Jozani gizani na kima wa msituni. Haina kifua. Kutoka Chukwani hadi kule ni safari ya cc mia na hamsini."

"Mia na hamsini, Fundi, mimi naifikia?"

"Utaizoea."

Hakuifikia. Tuliletewa moja gerejini, Zuhura akakaa juu yake na ncha za vidole vya miguu tu ndizo zilizogusa sakafu. Alipojaribu kuizungusha ilimlalia. Mkono wa breki ukavunjika, na yeye akapata jeraha la kifundo ambalo alilifunga mwenyewe, pale pale.

"Basi, mjomba," aliniambia. "Ntahamia. Mama utamchukua wewe."

Jioni tulikwenda kumwambia dada yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza ghorofa ya nne upepo unaingia upande gani. Nikamwambia wa bahari. Akasema, "Alhamdulillahi," akaomba redio yake iongezwe sauti. Zuhura alitoka akaenda kukaa ukumbini peke yake.

Asubuhi ya pili niliteremka kununua mchele. Fundi alikuwa pale dukani anakunywa kahawa, kakaa anapokaa kila siku: juu ya mizani ya magunia. Ilikuwa ya kimo cha kiti, imara, na mwenye duka hakuwa na ubavu wa kumwondoa. Nilikuwa nimemwona pale asubuhi ngapi sijui. Siku hiyo nilikuwa nnangoja mchele wangu, sina la kutazama, nikatazama sindano ya mizani.

Kilo mia na kumi na nane.

Nikazunguka upande wa pili nikaisoma tena. Mia na kumi na nane, na kikombe cha kahawa.

Sijui kama mtu anaweza kuona haya na hasira na kutaka kucheka kwa wakati mmoja. Mia na kumi na nane juu ya hamsini na mbili. Tulikipandisha chombo cha yule mwalimu Masingini kimepakia Zuhura watatu na robo, kisha tukakilaumu kifua. Mimi, nnayehesabu chenji mara mbili, nguzo mara mbili, ngazi mara mbili, nilikaa chini ya mlima ule miaka yote na sikumhesabu yeye hata mara moja. Wala si mlima tu. Barabara ya Chukwani hadi ng'ambo ya Jozani nimeipita maisha yangu yote: ni bapa kama meza. Tulikuwa tunapimia mlima chombo cha mtu ambaye hatapanda mlima.

Nilichukua mchele wangu, nikamwendea Zuhura, tukaenda kwa mwalimu tukamwomba tena. Zuhura peke yake, na mkoba wake wa kazini wenye kilo nane mgongoni. Nikakaa chini ya Masingini na mwalimu, nikahesabu. Nguzo ya tisa, gia ya nne bado. Ya kumi na nne, ya tatu. Ya kumi na saba ikapita kama si kitu. Ya ishirini na mbili. Buibui likapotea juu, kisha likarudi linapepea.

"Mjomba!" alipiga kelele kabla hajasimama. "Imepanda!"

"Panda tena," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Nihesabu mara ya pili."

Alikinunua siku ile ile.

Ningeweza kuyaacha hapo. Mtu mwenye akili angeyaacha. Lakini mimi nilikuwa na miaka yangu yote ya kola niachie, basi nikangoja kesho yake, saa ya kahawa, watu wamejaa, yeye yuko juu ya mizani.

"Fundi, hebu usitikisike kidogo."

"Kuna nini?"

"Nnasoma." Nikainama. "Kilo mia na kumi na nane."

"Na wewe kilo ngapi? Tuoane?"

Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Ile cherehani yako ya kushonea kanzu," nikasema, "imepanda Masingini jana. Mara mbili. Gia ya tatu. Haikukwama. Kilichokwama siku ile kilikuwa kilo mia na kumi na nane zilizokaa nyuma."

Mwenye duka aliacha kufunga mchele. Nilidhani nimempata. Nilishaanza kupanga nitakavyoisimulia Darajani.

"Na nyuma alikaa nani jana?" akauliza Fundi.

"Hakukaa mtu."

"Ah." Akawageukia wenzake, akafungua viganja. "Mmemsikia? Kapima bila fundi. Sasa aliyeisikiliza injini nani?"

"Fundi, uzito wako..."

"Uzito wangu umeingiaje? Mimi si mzigo. Mimi ni fundi."

Wakaangua kicheko, baraza zima, na hawakumcheka yeye. Mzee mmoja alinipiga begani kwa huruma. "Dalali," akaniambia, "nenda kauze. Kupima waachie wenyewe." Mwenye duka, ambaye mizani ni yake, ambaye sindano ile anaishi kwayo, alitikisa kichwa kukubaliana naye. Niliwadharau wote siku ile, na dharau hiyo ninayo mpaka leo, nimeitunza vizuri.

Zuhura alikwenda kazini na chombo kile mwezi ulipoingia. Alfajiri anatoka Chukwani, alasiri anarudi, mama yake yuko barazani anangoja mlio. Dada yangu aliujua kutoka mbali kuliko mtu mwingine yeyote. Alikuwa akisema, "Kageuka hapo msikitini," na kweli, baada ya kidogo Zuhura huyo. Ngazi zangu sabini na sita hakuzipanda.

Na sasa nitaje jambo ambalo halinifurahishi. Aliyekitengeneza chombo kile kwa miaka minne iliyofuata alikuwa Fundi. Zuhura alimpelekea yeye; nilimkataza hakusikia. "Wewe umegombana naye, mimi sijagombana," aliniambia. Kila alipoingia, mikono ikanyooshwa ipimwe kanzu. Kisha Fundi akakifungua, akakisikiliza kwa mwiko, akakikaza, akakirudisha kizima kuliko kilivyokuja. Siku moja aliubadilisha mnyororo na magurudumu yake mawili ya meno bila kuombwa, akamwambia Zuhura, "Kifua hakina, basi angalau miguu iwe mizuri." Aliitukana injini ile ndogo kwa miaka minne, na kwa miaka hiyo minne haikumwacha mtu njiani hata mara moja. Nimeyahesabu hayo mara mbili pia.

Kisha sukari ikamshika. Kwanza kidole cha mguu, kisha macho, kisha mwili ukaanza kumtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Gereji akaiacha. Ile mia mbili na hamsini ilitolewa na shuka lake juu ya gari la ng'ombe, na nasikia mnunuzi alilitaka zaidi shuka. Yeye akahamia kwa binti yake, juu Masingini. Sikwenda kumwangalia. Niliambiwa nende, nikasema ntakwenda.

Juzi Zuhura alikuwa mapumzikoni, nikaazima chombo chake nipeleke mbegu za mchicha kwa mtu wa Mwera. Wakati wa kurudi napita chini ya Masingini, nikaona mtu kakaa juu ya jiwe pembezoni mwa barabara, mfuko wa plastiki wa dawa mapajani. Nilimpita. Nikasimama. Ilinichukua muda kumjua, kwa sababu nilikuwa nnatafuta mtu mnene.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akainua uso, akaisikiliza sauti kabla hajaniona. "Dalali. Umekuja kuniuza?"

"Hakuna mnunuzi. Unangoja nini?"

"Mjukuu angenifuata. Naona kasahau. Nipandishe."

"Kwa cherehani?"

Akaitazama. Sijui aliiona kiasi gani. "Shida haichagui," akasema, "saidia mguu."

Nikamsaidia mguu. Alipokaa, sikusikia kitu. Chombo hakikuzama, taa haikutazama matawi. Nilidhani hajakaa, nikageuka, nikamkuta kanishika mkanda wa suruali kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kitu cha watu.

Tukaondoka. Nikahesabu, siwezi kupanda pale bila kuhesabu. Nguzo ya tisa akanigonga bega.

"Shusha gia."

"Haitaki, Fundi."

Ya kumi na tatu akanigonga tena. Nikaiacha gia ilipo. Kwenye ya kumi na saba nilihisi vidole vyake vikikaza kwenye mkanda wangu, na ile nguzo ikapita. Ishirini. Ishirini na mbili. Nikasimama mbele ya nyumba ya binti yake na injini inanguruma taratibu kama paka.

Aliteremka. Hakwenda ndani. Aliinama kwa shida, akaweka kiganja kwenye injini, akakiondoa kwa joto, akakirudisha.

"Wameiwekea injini gani?"

"Ile ile. Mia na kumi. Umeifunga mwenyewe mara ngapi?"

Akapapasa bomba, akapapasa kabureta, akazungusha skrubu robo kidogo, akairudisha ilipokuwa. Akasimama. Mkono mmoja kiunoni, kwa mwingine kanyanyua kidole, na kwa dakika moja alikuwa yule yule wa juu ya ndoo.

"Sasa nisikilize usije ukenda Darajani ukasema uongo," akasema. "Haikupanda kwa injini. Imepanda kwa sababu mimi nimekwisha. Nilikuwa na kilo mia na kumi na nane, ulizisoma mwenyewe. Leo hospitali wamenipima, hamsini na saba. Ningekuwa na mwili wangu, ingekufa pale pale, nguzo ya kumi na saba."

Nikangoja. Nilikuwa na hakika atajisikia anachosema. Nilimtazama usoni kama mtu anayetazama chungu kichemke. Maneno yangu yote ya siku ile ya mizani yalikuwa yametoka kinywani mwake, moja moja, pamoja na namba zake, pamoja na nguzo. Alichobakiza ni kuyasikia tu.

"Unaona?" akasema. "Kifua haina."

Zuhura aliponiuliza jioni nimechelewa wapi, nilimsimulia yote, na mama yake anasikiliza barazani, redio kaipunguza sauti. Zuhura alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaacha kucheka.

"Hamsini na saba?" akauliza. "Wamesema hamsini na saba?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kesho ntampitia." Akachukua funguo zake mkononi mwangu. "Na wewe mjomba, ulimjibu nini? Usinambie ulinyamaza, nnakujua."

Nilikuwa na majibu manne. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima ya kuteremka, nikayahesabu, yakawa manne kweli, kila moja kali kuliko lenziwe.

"Nilimwambia, naam, Fundi," nikasema.

Dada yangu akaiongeza redio.